Gari la Wagonjwa Lenye Paa la Kukunja

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kulitaja bila kibali ni kosa la miezi sita jela, na mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu, basi. Ni nchi ya amani, yenye Mlezi Mkuu mmoja na fomu ya kila jambo. Watu wa nje wanapenda kusema kwamba kwetu hakuna utaratibu. Uongo mtupu! Ni wivu tu unawasumbua. Leo nitawasimulia jinsi tulivyolitathmini gari moja, ili wasikie na waone haya kama wana haya.

Mimi naitwa Habibu Kiluvya, Katibu wa Kamati ya Taifa ya Kutathmini Vyombo vya Umma. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mitatu. Nimepima matrekta, vivuko, mabasi ya polisi, na jeneza moja la kiserikali ambalo wajumbe wote walilala ndani yake kwa zamu, mfuniko ukiwa umefungwa. Sheria yetu ndivyo inavyotaka. Kila mjumbe apime mwenyewe, kwa mwili wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna kusimuliwa na mwenzako. Mjumbe mmoja alizimia humo ndani, lakini alipozinduka alitoa alama nzuri.

Sasa hili gari. Wizara ya Afya iliomba gari la wagonjwa kwa ajili ya wilaya ya Mbongera, ambayo gari lake la mwisho lilikuwa limegeuzwa banda la kuku. Maombi yalitaja sifa nne: liwe na kasi, liwe na kiti cha kumlaza mgonjwa, liwe na hewa ya kutosha, na liwe na sauti ya kuwafanya watu wapishe njia. Mlezi Mkuu, ambaye husoma kila kitu mwenyewe, akaletewa kitabu cha picha za magari, akakipekua, akaweka kidole juu ya ukurasa mmoja. Nani alikuwa na ubavu wa kusema kidole kimekosea? Miezi minne baadaye gari likashushwa bandarini.

Jamani, gari! Nimeona vitu duniani, lakini siku ile nilivua kofia. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, refu, limeinama mbele kama duma anayenusa. Injini ya silinda kumi na mbili. Viti vya ngozi laini kuliko shavu la mtoto, vinavyopashwa joto na kukanda mgongo kwa kubonyeza kitufe. Vitasa vya milango vilijificha vyenyewe ndani ya bati, hata usijue mlango unaanzia wapi. Na paa, ee Mola! Ukigusa kitufe lilijikunja lenyewe na kuzama ndani ya buti kwa sekunde kumi na nne, mkabaki wazi chini ya mbingu. Kasi lilikuwa nayo. Kiti kilikuwa kinalala. Sauti ilikuwa ya kutisha. Na hewa, nani angebisha kwamba haitoshi?

Kwa kuwa karatasi zilisema ni gari la wagonjwa, ilibidi tulipime kwa Fomu Namba Saba, ya magari ya wagonjwa. Fomu hiyo nimeichapa mwenyewe kwa mkono wangu. Inasema chombo kipimwe kikiwa na mgonjwa halisi, kutoka mlango wa hospitali ya wilaya hadi lango la Hospitali ya Rufaa, kilomita arobaini, na kila mjumbe aende safari nzima. Wajumbe walikuwa watano. Gari lilikuwa na viti vinne: dereva, mgonjwa pembeni yake, na nyuma viti viwili vya kubana magoti, kimoja changu mimi mwandishi wa fomu na kimoja cha mjumbe mwenye zamu.

*

Mgonjwa halisi hakututesa kumpata, maana Mbongera hawakosekani. Alikuwa mama mmoja anaitwa Bi Mwanakheri, mpishi wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtiririka, kichwani amejifunga mtandio wa zambarau. Mumewe, fundi cherehani anayeitwa Shomvi, alikuwa amemshika mkono.

"Ni kidole tumbo, na kimeshapasuka," alisema Sista Kalekwa, muuguzi wa zamu, mwanamke mkali asiyejua kusema na wakubwa. "Daktari wa upasuaji kule Rufaa ameshanawa mikono, anamsubiri. Akifika kabla ya saa sita atapona. Ikipita hapo, mimi simo."

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Songambele, alitabasamu. Ni mtu mpole sana akiwa na suti mpya. "Sista, umeshaambiwa gari hili lina kasi gani?"

"Nimeambiwa."

"Basi wasiwasi wa nini? Sasa hivi ni saa tatu. Mgonjwa wenu ana bahati. Mimi mwenyewe nikiugua sijui kama nitabebwa na chombo kama hiki."

Fundi Shomvi akauliza yeye atakaa wapi. Nikamweleza kwamba viti vimekwisha, na buti limejaa paa. Hakugomba. Alisema baiskeli yake ipo, atatangulia, atatukuta hukohuko. Mwenyekiti akamsifu kwa moyo wa kujitegemea.

"Baba Mosi," mkewe akamwita tulipokuwa tunamlaza kitini, "nenda polepole. Breki ya nyuma haishiki."

"Mama Mosi, wewe pona. Habari za breki niachie mimi."

Akamfunga vizuri ule mtandio. Pindo lake alikuwa amelishona yeye mwenyewe, alituambia, kwa uzi wa hariri, mwaka waliooana. Nikaandika jina la mgonjwa na ugonjwa wake kwenye fomu, kwa wino usiofutika kama inavyotakiwa, tukaondoka.

*

Safari ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti, aliyekuwa anapima kasi. Lo! Miti ilipita kama meno ya kitana. Tulimpita fundi Shomvi kwenye kilomita ya sita akikanyaga pedali kwa nguvu, mkewe akainua mkono, na nadhani alimwona. Dakika ishirini na mbili tu, tukawa mbele ya lango la Hospitali ya Rufaa.

"Alhamdulillahi, tumefika," akasema Bi Mwanakheri. Mlinzi akaanza kufungua lango.

"Usifungue!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Bado wajumbe wanne."

Dereva akageuza. Mama yule akanigeukia, akaniuliza kwa adabu kama mlango wa kuingilia uko upande mwingine. Nami kwa adabu nikamweleza utaratibu, kwamba Mwenyekiti amemaliza, sasa tunarudi Mbongera kumchukua mjumbe wa pili, na safari haihesabiki isipoanzia mwanzo. Alinitazama muda mrefu. Kwa kweli nilitegemea angesema lolote, maana nilikuwa nimeeleza vizuri.

Tukakutana tena na fundi njiani, sasa sisi tunarudi. Alipoona gari linatoka Rufaa na mkewe yumo ndani, alishuka kwenye baiskeli akarusha mikono juu. "Ameshapona?" alipiga kelele. "Wamemaliza mara hii?" Uso wake ulijaa furaha isiyo kifani. Tulikuwa kwenye mwendo, na sikutaka kumchanganya, kwa hiyo nikampungia mkono na kuitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Safari ya pili ilikuwa ya Bi Nyamizi, waziri wa nyumba wa zamani, mjuzi wa mapaa. Alilifungua na kulifunga mara kumi na tisa, kwenye lami na kwenye changarawe. Jua la saa nne lilikuwa limeshachachamaa, na paa linapokuwa wazi upepo wa gari lile si mchezo. Kwenye kilomita ya kumi na tatu tukampita tena fundi, akiwa amekaa kando ya barabara anakula muhogo, akijua mkewe amesharudi nyumbani salama. Alimwona ndani ya gari, anapelekwa kulekule alikotoka. Muhogo ukamwanguka. Nyuma yetu nikamwona anairukia baiskeli.

Mbele kidogo mtandio ukang'oka kichwani kwa mama. Nikaudaka kwa mkono mmoja, mimi mzee huyu!

"Naomba mtandio wangu, baba," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Samahani, mama," nikamjibu. "Huu sasa ni kielelezo cha nguvu ya upepo."

Bi Nyamizi akaupa namba, nikauweka kwenye bahasha. Langoni hatukukaa, tukageuza.

*

Safari ya tatu ilikuwa ya mjumbe wa viti, Mheshimiwa Dunda, mtu mnene mwenye imani kubwa na teknolojia. Mama alikuwa na homa, anatetemeka, kwa hiyo Dunda akafunga paa na kuwasha joto la kiti mpaka mwisho. Halafu akawasha kile cha kukanda mgongo. Bi Mwanakheri akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tangu nizaliwe. Dunda akaniamuru niandike kwamba kiti hakibani kifua, kwa ushahidi wa sauti ya mgonjwa.

Tulifika langoni saa tano na dakika ishirini. Nani tumkute pale? Fundi Shomvi, baiskeli chini, shati limelowa, midomo imepasuka. Na nyuma ya lango alikuwa amesimama daktari wa upasuaji mwenyewe, kavaa kijani, mikono juu. "Nileteeni huyo mama!" alikuwa anafoka. "Mnanizungushia mgonjwa tangu asubuhi, nyinyi watu mna akili kweli?"

Fundi akapiga magoti mbele ya gari. "Waheshimiwa, mko mlangoni. Mwacheni hapa. Hatua kumi tu, nitambeba mwenyewe mgongoni."

"Tukimwacha hapa," Dunda akamuuliza, "mjumbe wa nne atampima nani?"

"Nipimeni mimi! Niwekeni mimi kwenye kiti, mnizungushe mpaka kesho!"

Mimi si jiwe. Machozi yalinitoka, na nikampigia simu Mwenyekiti, nikamweleza. Mwenyekiti naye si jiwe. Alinipa pole, kisha akasema kwamba mgonjwa haruhusiwi kubadilishwa mpaka apatwe na udhuru, na huyu hana udhuru wowote, si bado anapumua? Zaidi ya hapo jina lake limeshaandikwa kwa wino. Nikamfikishia fundi majibu neno kwa neno.

Ndipo alipouparamia mlango wa gari. Lakini nilishawaambia habari za vile vitasa. Dereva alibonyeza, vikazama ndani ya bati, na vidole vya fundi vikabaki vinapapasa mahali laini. "Mama Mosi! Mama Mosi!" Yeye akaweka kiganja chake kwenye kioo, kwa ndani. Tukaondoka. Dunda akatoa alama zote za usalama.

*

Tulifika Mbongera ikikaribia saa sita, na saa sita ni chakula. Dereva naye ni mtumishi, ana haki zake, usije ukasema tulimnyanyasa. Kulikuwa na pilau. Sista Kalekwa alikuja mezani akatutukana matusi ya nguoni mbele ya Mwenyekiti, na jina lake nililiandika pembeni. Alikaa na mgonjwa garini, akimtilia maji mdomoni kwa kijiko, mpaka tuliponawa.

Saa saba tukaondoka na mjumbe wa muziki, kijana wa familia ya Mlezi Mkuu, ambaye sina ruhusa ya kumtaja. Spika kumi na nane! Alitaka kusikia kama besi inatikisa kioo. Ilitikisa. Kwenye kilomita ya ishirini Bi Mwanakheri akageuza kichwa, ikabidi niiname ili nimsikie.

"Baba Mosi alifika salama?"

"Alifika, mama. Tulimwona pale langoni."

"Breki haikumsumbua?"

"Haikumsumbua."

"Haya," akasema.

Hakusema neno jingine. Kwenye kilomita ya thelathini na moja niligundua kwamba kifua hakipandi. Nilimgusa bega mjumbe wa muziki, naye akanionyesha kwa kidole kwamba nisubiri wimbo uishe. Aliniambia niandike kwamba mgonjwa ametulia na muziki unamfaa.

Langoni nilishuka mwenyewe, nikamwambia fundi. Sikumtuma mtu. Hakulia wala hakupiga kelele, alikaa tu chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekatwa kamba. Daktari wa upasuaji alimwangalia mama, akavua lile vazi la kijani, akalitupa chini, akaenda zake, na nasikia siku hizi anafanya kazi nchi nyingine. Chumba cha maiti walimpokea Bi Mwanakheri mara moja. Kule hakuna fomu ya kupokelea, ni uzembe ambao nimeshauandikia barua.

*

Mngedhani mambo yameishia hapo. Mjumbe wa tano alikuwa Balozi Mtulya, mzee wa heshima, aliyetoka mji mkuu na suti ya vipande vitatu kuja kupima namna wananchi watakavyoliheshimu gari. Alinipigia simu kwa hasira. "Katibu, mimi ndiye wa kunyimwa haki yangu? Kwa sababu mtu mmoja ameshindwa kuvumilia safari moja iliyobaki?"

Alikuwa na hoja. Nikafungua fomu. Sasa mgonjwa alikuwa amepatwa na udhuru, kwa hiyo mbadala uliruhusiwa. Nikamwomba nesi wa Rufaa ampime fundi Shomvi presha, ikakutwa iko juu mno. Mgonjwa halisi kabisa! Tukamwinua pale chini, tukamweka kwenye kiti cha mkewe, kilikuwa bado kina joto kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukizima. Hakupinga. Aliuliza swali moja tu, mtandio wa mkewe uko wapi. Nikamwambia uko salama.

Tukampeleka Mbongera, tukamchukua Balozi, tukarudi. Na hapo, ndugu zangu, nilishuhudia jambo la ajabu. Habari zilikuwa zimeshaenea barabara nzima. Kila kijiji watu walitoka, wanaume wakavua kofia, wanawake wakafunga khanga viunoni na kuinamisha vichwa, hakuna aliyesema neno. Balozi aliwahesabu mia nne na kumi na mmoja. Aliniambia kwa sauti ya kutetemeka kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona gari likiheshimiwa namna ile.

Safari hii lango lilifunguliwa. Fundi alipokelewa na machela, na daktari wa zamu ya mchana akasoma karatasi yangu. Karatasi ilisema Mwanakheri, ilisema kidole tumbo. Wino haufutiki. Fundi alisema, "Huyo ni mke wangu, mimi siumwi," lakini wagonjwa wengi huogopa kisu. Wakampasua, wakatoa kidole tumbo kizima kisicho na kosa lolote, na upasuaji ulifanikiwa sana. Alipozinduka aliangalia mshono wake kwa jicho la ufundi. "Aliyeshona hapa," akasema, "angekuwa fundi dukani kwangu ningemfukuza."

*

Gari lilipata alama tisini na tisa. Moja tuliipunguza kwa sababu ya alama za vidole mlangoni.

Sherehe ya kulikabidhi ilifanyika Mbongera, na Mlezi Mkuu alikuja mwenyewe ingawa alikuwa na mafua. Akapiga chafya mara mbili jukwaani. Waziri wa Afya, mtu mwepesi wa kufikiri, akasimama papo hapo akasema kwamba hili ni gari la wagonjwa, na hapa mgonjwa ni nani kama si Baba yetu? Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mlezi Mkuu akakubali kwa shingo upande, akaingia, paa likazama, akaenda nalo. Mafua yenyewe hayajamwisha hadi leo. Wilaya ya Mbongera walipewa picha ya gari yenye fremu, imetundikwa wodini juu ya kitanda cha kwanza. Sista Kalekwa alihamishiwa kisiwani.

Na mimi nimebaki na fundi Shomvi. Kila Jumatatu alikuwa anakuja ofisini, mkono tumboni.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, fundi. Hujambo?"

"Naomba mtandio wa mke wangu."

Mtu hachoki! Mara ya kumi nikamkalisha, nikamweleza kwa upole, kwani na mimi nina mke. Mtandio ni kielelezo. Kielelezo hutolewa kwa Fomu Namba Kumi na Mbili, na fomu hiyo inataka sahihi ya mwenye mali. Si ya mume, si ya ndugu.

"Mwenyewe amekufa," akasema. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, ndiyo. Lakini siwezi kuandika ninachokijua mimi, naandika kilichomo kwenye faili. Sikiliza." Nikalifungua nikamsomea. "Mgonjwa Mwanakheri, kidole tumbo. Amefika Hospitali ya Rufaa akiwa hai. Amepasuliwa. Amepona. Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Sasa mtu aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, fundi, anashindwaje kuja kutia sahihi?"

Aliomba kuliona faili, nikamgeuzia. Akapitisha kidole chini ya ule mstari wa mwisho, taratibu, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Imeandikwa ameruhusiwa lini?"

"Tarehe tisa, miezi mitatu iliyopita."

"Tarehe tisa," akasema. Akasimama, akavaa kofia yake. "Mimi nimekuwa nikishinda huku kwako na barabarani. Labda amenikosa. Ngoja niende nyumbani nikamwangalie."

Nikamsindikiza hadi mlangoni na kumshika mkono. Nilifurahi, sifichi, maana ni nadra mwananchi kuielewa fomu kiasi kile. Jirani zake wanasema siku hizi hafungi mlango, na jioni anapakua sahani moja ya ziada. Ofisini hajarudi tena, na faili tumelifunga.